Dewar: Mvumbuzi wa thamosi aliyekosa faida ya jasho lake

KATIKA nyumba nyingi mtaani Nyanchwa, mjini Kisii, chai inayopikwa alfajiri hutiwa kwenye thamosi na kunywewa saa kadhaa baadaye ikiwa ingali moto. Ni wachache wanaofahamu kwamba chupa hiyo haikubuniwa kwa ajili ya chai, na kwamba aliyeibuni hakufaidika na mauzo yake.

Mtu huyo ni Sir James Dewar, aliyezaliwa Septemba 20, 1842 katika mji mdogo wa Kincardine, Scotland. Babaye alikuwa mwenye nyumba ya wageni.

Akiwa na umri wa miaka 10, Dewar alitumbukia majini barafu aliyoikanyaga ilipopasuka. Alishikwa na homa ya baridi yabisi iliyomlemaza kwa muda mrefu. Wakati huo alijifunza kuunda fidla, kazi iliyoipa mikono yake ustadi uliomfaa sana baadaye. Kufikia umri wa miaka 15, alikuwa yatima.

Alisoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, akawa profesa Cambridge mnamo 1875. Miaka miwili baadaye aliteuliwa profesa wa kemia katika taasisi ya Royal Institution, London.

Huko alijitosa katika kazi ya kugeuza gesi kuwa kiowevu. Kazi hiyo huhitaji baridi kali mno, na joto la kawaida la chumba lilitosha kuyachemsha yote aliyoyapata kwa taabu.

Suluhisho alilipata mwaka wa 1892. Alitia chupa moja ndani ya nyingine, kisha akaondoa hewa iliyokuwa katikati ili joto likose pa kupitia. Kuta za kioo zilipakwa madini yanayong'aa ili kulirudisha joto linalosafiri kama mwanga. Chombo kinachozuia joto lisiingie hulizuia pia lisitoke, na ndiyo siri ya chai ya Nyanchwa.

Kwa chupa hiyo, Mei 10, 1898, Dewar aligeuza hidrojeni kuwa kiowevu katika nyuzi 253 chini ya sufuri. Ushindi huo ulikuwa na gharama. Wasaidizi wake wawili walipoteza jicho moja kila mmoja kutokana na milipuko katika maabara.

Ilisalia gesi ya heliamu. Hata hivyo, Dewar alikuwa mwepesi wa hasira na alikuwa amekosana na William Ramsay, bingwa wa gesi hiyo. Mnamo Julai 10, 1908, Mholanzi Heike Kamerlingh Onnes alimpiku, na mwaka wa 1913 akatuzwa Nobel. Dewar hakuipata tuzo hiyo maishani.

Pigo jingine lilitoka Ujerumani, ambako fundi wa vioo Reinhold Burger alianza kuiuza chupa hiyo kwa jina la Thermos mwaka wa 1904. Dewar alishtaki, akashindwa, kwa kuwa hakuwa amechukua hataza ya kuulinda uvumbuzi wake.

Alifariki London Machi 27, 1923, akiwa na umri wa miaka 80 na akiwa bado kazini.

Hata hivyo, hekima ya chupa yake ingali inatumika. Darubini ya James Webb, iliyorushwa angani Desemba 25, 2021, hukingwa na jua kwa matabaka matano membamba yanayong'aa, yaliyotenganishwa na ombwe la anga. Joto lake hupotelea gizani, na vioo vyake hupoa hadi takriban nyuzi 230 chini ya sufuri bila mashine yoyote.

Wanasayansi wa Ulaya wamependekeza kinga kama hiyo katika mradi wa MAQRO, unaokusudia kuchunguza tabia za kikwantumu za chembe ndogo mno angani. Majaribio hayo huharibiwa na joto dogo tu, na mashine ya kupoza yaweza kuyavuruga kwa mtikisiko wake.

Hapa nchini, mbegu za kupandisha ng'ombe kwa mrija huhifadhiwa katika mitungi ya aina hiyo iliyojaa naitrojeni baridi. Katika maabara duniani kote, mitungi hiyo huitwa dewar. Madukani, chupa ya chai imebaki na jina la walioiuza.