Bi. Rachel Carson: Aliugua saratani, akapumua ufukweni

Ndugu zetu wanaoishi Silver Spring, Maryland, jirani na Washington, huenda wengi wao wamepita mara nyingi karibu na mtaa wa Berwick bila kujua kwamba kuna nyumba pale ambayo tangu mwaka 1991 imo katika orodha ya majengo ya kihistoria ya taifa la Marekani. Ni nyumba ya chini, ya matofali, haina makuu. Ndani ya nyumba hiyo ndimo Bi. Rachel Carson alimoandika kitabu kilichowatikisa wenye viwanda vya dawa za kuulia wadudu, na ndimo alimofariki tarehe 14 Aprili, 1964, akiwa na umri wa miaka 56, kwa maradhi ya saratani ya titi na moyo.

Habari za kitabu chenyewe, Silent Spring, zimeandikwa sana, na kila mwenye kusoma mambo ya mazingira ameshakutana nazo. Jambo ambalo halisemwi sana ni namna mama huyu alivyoishi na ugonjwa wake kwa miaka minne, akiufanya siri kwa ulimwengu mzima isipokuwa kwa watu wachache, na mahali alipokuwa akienda kupata nguvu za kuendelea.

Alizaliwa tarehe 27 Mei, 1907 katika kijiji cha Springdale, Pennsylvania, kando ya mto Allegheny, mbali kabisa na bahari. Mama yake, Bi. Maria, alikuwa akimtembeza msituni na kumfundisha majina ya ndege na wadudu. Akiwa mtoto wa miaka kumi hivi tayari hadithi yake imechapishwa katika jarida la watoto. Chuoni alianza na masomo ya Kiingereza, kisha akageukia elimu ya viumbe, na bahari yenyewe hakuiona kwa macho yake mpaka mwaka 1929, alipopata nafasi ya kusoma wakati wa kiangazi huko Woods Hole, Massachusetts. Alikuwa na miaka 22. Watoto wa Tanga na Lamu wanaoogelea kabla hawajajua kusoma watashangaa, lakini binti huyu wa bara ndiye aliyekuja kuwafundisha Wamarekani habari za bahari yao.

Baada ya shahada ya uzamili pale Johns Hopkins mwaka 1932, alikuwa na nia ya kuendelea na udaktari, ila fedha hazikuruhusu. Mwaka 1935 baba yake akafariki, mwaka 1937 dada yake naye akafariki na kuacha mabinti wawili, na mzigo wote wa nyumba ukamwangukia yeye na mama yake. Akafanya kazi serikalini katika idara ya samaki na wanyamapori, mchana akihariri vijitabu vya serikali na usiku akiandika vyake. Kitabu cha kwanza kilitoka Novemba 1941, wiki chache kabla Wajapani hawajashambulia Pearl Harbor, na kikapotea katika kelele za vita. Cha pili, The Sea Around Us, cha mwaka 1951, kilikaa wiki 86 katika orodha ya vitabu vinavyouzwa zaidi ya gazeti la New York Times. Mwaka uliofuata aliacha kazi ya serikali, na kwa fedha za kitabu hicho akajijengea kibanda.

Kibanda hicho ndicho cha kukitazama vizuri. Kilikamilika mwaka 1953 katika kisiwa cha Southport, jimbo la Maine, juu ya mawe yanayotazama maji ya Sheepscot. Nyuma yake ulikuwa msitu wa misonobari, na mbele mawe yaliyojaa mwani na vidimbwi vinavyobaki maji yanapokupwa. Bi. Rachel alikuwa akishuka kwenye vidimbwi hivyo na ndoo, anachota konokono wadogo, viti vya pweza na kaa, anawapeleka nyumbani kuwatazama kwa hadubini, halafu anawarudisha walikotoka. Hakuwamwaga popote. Alingoja maji yarudi yalipokuwa, na ikiwa ni saa sita za usiku basi alishuka na tochi yake juu ya mawe yanayoteleza, ili kila kiumbe arudi pahali pake. Mtu wa pwani anajua kwamba usiku si wakati wa kuchezea mawe yenye mwani. Yeye alikwenda.

Huko huko Southport alifahamiana mwaka huo wa 1953 na jirani yake, Bi. Dorothy Freeman, aliyekuwa akija kiangazi pamoja na mumewe Stanley. Urafiki wao ulidumu mpaka kifo. Wakiwa mbalimbali waliandikiana, na barua zilizobaki ni karibu 900. Ni katika barua hizo, zilizochapishwa mwaka 1995, ndimo tunamojua mengi ya ugonjwa wake.

Uvimbe katika titi aliwahi kukatwa mwaka 1946, na tena mwaka 1950. Mara zote aliambiwa hakuna la kuogopa. Katika masika ya mwaka 1960, akiwa katikati ya kuandika Silent Spring, uligunduliwa uvimbe mwingine, na safari hii titi likakatwa lote. Alipomuuliza daktari kama ni saratani, daktari hakumwambia ukweli. Akamjibu kwa maneno ya kuzungukazunguka na hakumpa tiba nyingine yoyote. Siku hizo madaktari wa Marekani walikuwa na desturi ya kumweleza mume na kumficha mke, na Bi. Rachel hakuwa na mume wa kuambiwa. (Nasi tusiwacheke. Kwetu hadi leo kuna nyumba ambamo ukoo mzima unajua, na mgonjwa peke yake ndiye anayeambiwa ana vidonda vya tumbo.) Miezi ikapita. Mwishoni mwa mwaka akaona uvimbe mgumu ubavuni, na Desemba 1960 akamwendea daktari George Crile wa Cleveland, mtu aliyekuwa na sifa ya kusema wazi. Huyo alimwambia yote, kwamba saratani ilikuwepo na ilikuwa imeshaanza kutembea. Tunajua kwamba alimshukuru kwa kumwona kuwa ni mtu mwenye akili anayestahili kujua hali yake.

Kuanzia hapo maisha yake yalikuwa ni mionzi, kichefuchefu na maradhi mengine yaliyoandamana. Mwanzoni mwa mwaka 1961 viungo vya miguu vilimkamata hata akashindwa kutembea. Mwishoni mwa mwaka huo huo macho yakavimba, akawa hawezi kusoma alichoandika mwenyewe, ikabidi msaidizi wake amsomee. Na nyumbani palikuwa na mtoto, Roger, mjukuu wa marehemu dada yake, ambaye mama yake alifariki mwaka 1957 akimwacha na miaka mitano. Bi. Rachel alimchukua akamlea kama mwanawe. Kabla ya hapo, Roger akiwa bado mdogo sana, walikuwa wakitoka pamoja usiku pale Maine kusikiliza mawimbi na kutafuta kaa kwa tochi, na kutokana na matembezi hayo aliandika mwaka 1956 makala juu ya kumlea mtoto aistaajabie dunia. Makala hiyo ilitolewa kama kitabu baada ya kufa kwake.

Kila kiangazi aliporudi Southport, barua na kumbukumbu za waliomjua zinaonyesha mtu mwingine. Bahari haikumponya, na hakuwahi kudai hivyo. Hakuacha mionzi akakimbilia hewa safi, kama wanavyoshauri baadhi ya watu wanaotuma ujumbe kwenye simu zetu siku hizi. Alichokipata kule ni usingizi, hamu ya kazi, na saa kadhaa ambazo hakuwa mgonjwa wa mtu yeyote. Yeye na Bi. Dorothy walikuwa na msitu mdogo waliouita Misitu Iliyopotea, wakiota kuununua ili usikatwe. Hawakufanikiwa, lakini walikuwa wakienda kulala chali chini ya miti na kusikiliza ndege.

Silent Spring kilianza kutoka kwa sehemu katika jarida la New Yorker mwezi Juni 1962, na kama kitabu tarehe 27 Septemba mwaka huo. Humo alionyesha jinsi DDT na dawa za jamaa yake zinavyoingia kwenye maji, kwa samaki, kwa ndege na hatimaye kwa binadamu. Kampuni moja ya kemikali, Velsicol, ilitishia kuwashtaki wachapishaji. Wengine walimwita mwanamke mwenye jazba, wakauliza mtu asiye na watoto anahangaikia nini vizazi vijavyo. Hapo ndipo siri yake inapoeleweka. Kitabu chenyewe kina milango inayohusu kemikali na saratani. Laiti wangejua kwamba mwandishi ana saratani, wangesema analipiza kisasi cha ugonjwa wake, na hesabu zake zote zingetupwa kapuni. Kwa hiyo alivaa nywele za bandia, akakaa mbele ya kamera za televisheni ya CBS, na kipindi kiliporushwa tarehe 3 Aprili, 1963 mamilioni ya watazamaji waliona mama mtulivu anayezungumza pole pole. Hawakujua kwamba saratani ilikuwa imeingia mifupani. Tarehe 4 Juni mwaka huo alitoa ushahidi mbele ya kamati ndogo ya Baraza la Seneti kwa mtindo huo huo.

Sisi tuliotoka nchi za malaria tunalo neno letu hapa, kwani wapo wanaomlaumu Bi. Rachel kwamba aliwanyima Waafrika DDT. Lawama hii haisimami vizuri. Marekani ilipiga marufuku matumizi mengi ya DDT mwaka 1972, marufuku ya nchi yake yenyewe. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliacha ruhusa ya kuitumia dhidi ya mbu, na mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani liliunga mkono tena kupuliza ndani ya nyumba. Yeye mwenyewe hakutaka dawa zote zifutwe. Alionya kwamba ukimwaga dawa mashambani ovyo, mbu wataizoea na siku ya kuihitaji haitafanya kazi. Wazee wa Upare na Taveta wanaokumbuka nyumba zao zikipulizwa dieldrin kati ya 1955 na 1959 watakwambia kwamba malaria ilipungua sana. Ilipungua kweli, na dawa ilipokoma ikaanza kurudi. Mjadala huo ni mpana kuliko mtu mmoja.

Kiangazi cha 1963 kilikuwa cha mwisho kwake Maine. Moyo ulikuwa unasumbua, uti wa mgongo unauma, na kushuka kwenye vidimbwi alivyovijua kama vyumba vya nyumba yake kulikuwa kazi kubwa. Asubuhi moja ya Septemba yeye na Bi. Dorothy walikwenda Newagen, ncha ya kusini ya kisiwa, wakakaa juu ya mawe. Vipepeo aina ya monarch walikuwa wakipita mmoja mmoja, wakielea taratibu kama waliovutwa na kamba isiyoonekana, katika safari yao ya kila mwaka. Wakati huo wanasayansi walikuwa bado hawajapapata mahali wanapokwenda kulala baridi. Milima hiyo ya Mexico ilijulikana mwaka 1975. Lakini lilikuwa linajulikana jambo moja, kwamba kipepeo anayeondoka Maine harudi. Wanaorudi ni uzao wake.

Mchana wa siku hiyo, tarehe 10 Septemba, Bi. Rachel alimwandikia rafiki yake barua, ingawa walikuwa jirani. Alimkumbusha kwamba walipozungumza juu ya vipepeo kutorudi, hakuna aliyeona huzuni, kwa kuwa kiumbe aliyefika mwisho wa maisha yake ya kawaida hakuna la kumsikitikia, na akasema hata binadamu ambaye urefu wa siku zake haujulikani anaweza kuuchukua mwisho wake vivyo hivyo. Ndiyo barua ambayo msomaji wa barua zile 900 huisimamia.

Mwezi uliofuata alikwenda California kuhutubia madaktari. Alipomaliza, David Brower wa chama cha Sierra Club alimsukuma kwa kiti cha magurudumu katika msitu wa Muir Woods, chini ya miti ya redwood aliyokuwa akitamani kuiona siku nyingi. Machi 1964 alirudi Cleveland kufanyiwa operesheni ya tezi iliyo chini ya ubongo, njia ya mwisho waliyokuwa nayo madaktari, na haikusaidia. Akarudishwa Silver Spring. Roger alibaki na miaka kumi na miwili, akalelewa na mhariri wa vitabu vya Bi. Rachel, Bwana Paul Brooks, na mkewe.

Mazishi yalileta mvutano. Mwenyewe alitaka achomwe na majivu yake yapelekwe Maine. Kaka yake, Robert, alitaka alale karibu na mama yao, na ibada kubwa ikafanyika katika Kanisa Kuu la Washington. Mwishowe majivu yakagawanywa. Nusu yalizikwa kando ya kaburi la Bi. Maria huko Rockville, Maryland. Nusu nyingine alikabidhiwa Bi. Dorothy, naye mwaka huo huo akayapeleka Newagen, kwenye mawe yale yale, akayarusha baharini.