Johann Ludwig Krapf na Fundo la Upatanisho

Johann Ludwig Krapf alizaliwa Derendingen, Ujerumani, mwaka wa 1810. Aliwasili Mombasa mwaka wa 1844, na Julai mwaka huo huo akafiwa na mkewe, Rosine, pamoja na binti yao mchanga. Walizikwa bara, upande wa Kisauni. Msiba huo haukumrudisha kwao. Alijitosa katika kujifunza lugha za wenyeji, na mwaka wa 1846 akahamia Rabai pamoja na Johannes Rebmann.

Sarufi yake ya Kiswahili ilichapishwa Tübingen mwaka wa 1850. Fundo mojawapo alilolazimika kulifungua ni upatanisho: nomino ikishateuliwa, vivumishi na vitenzi hufungamana nayo. Asemaye kiti kile kimevunjika, akiweka mti mahali pa kiti na kuviacha viambishi vilivyokuwapo, huivuruga sentensi nzima. Wanatarakilishi wa leo hukabiliana na fundo la aina hiyo. Zana ya kusanidi programu sharti itambue kwamba kipengele kimoja kikichaguliwa, vile kinavyovitegemea navyo viwepo, na vinavyopingana nacho viondolewe.

Krapf alifariki mwaka wa 1881, na kamusi yake, iliyosheheni Kimvita, ikatoka London mwaka wa 1882. Kiunguja kilipoteuliwa mwaka wa 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, uteuzi huo mmoja uliburura tahajia, vitabu na mitihani. Kimvita kikasalia pembeni, nayo kamusi ya Krapf ikawa mojawapo ya hazina zake.