Jules Cornet, Mbelgiji aliyesoma milima ya Katanga na safari ya mto Lualaba

Maji yanayopita mbele ya Makiso, katikati ya mji wa Kisangani, yametoka mbali. Kabla ya kufika kwenye maporomoko ya Wagenia, ambako wavuvi hutega vikapu vyao vikubwa kwenye miti iliyosimikwa katikati ya mawe, mto umekwisha kusafiri takriban kilomita 1,800 kutoka nyanda za juu za Katanga. Huko unaitwa Lualaba, na jina la Kongo unalipata ukishavuka maporomoko.

Mto ukitoka milimani hubeba milima yenyewe: mawe, changarawe, mchanga na tope. Lakini sehemu kubwa ya mzigo ambao Lualaba huubeba kutoka Katanga haifiki Kisangani. Hubaki njiani, katika bonde lililodidimia ambalo mwanajiolojia Jules Cornet alilieleza kisayansi mwaka 1905. Wengi wanaolijua jina lake humkumbuka kwa shaba. Bonde hilo hutajwa kwa nadra, ingawa huenda ndilo lenye uzito zaidi kwa watu wanaoishi kando ya mto.

Cornet alizaliwa tarehe 4 Machi 1865 Saint-Vaast, katika eneo la machimbo ya makaa ya mawe kusini mwa Ubelgiji. Baba yake, François-Léopold Cornet, alikuwa mwanajiolojia mwenye jina, kwa hiyo kijana alikua akisikia habari za miamba nyumbani. Mwaka 1891, akiwa na umri wa miaka 26, aliingia katika msafara wa Kapteni Lucien Bia na Luteni Émile Francqui, uliotumwa Katanga na Compagnie du Katanga.

Haukuwa msafara wa masomo tu. Mfalme Leopold II alikuwa akishindana na Waingereza kuitwaa Katanga, na msafara mwingine wa upande wake, uliotokea pwani ya Zanzibar ukiongozwa na Kapteni Stairs, ulikuwa umefika Bunkeya mbele yao. Tarehe 20 Desemba 1891 watu wa Stairs walimuua Msiri, mfalme wa Wayeke mwenye asili ya Unyamwezi. Bia na Cornet walipoingia Bunkeya mwishoni mwa Januari 1892, walikuta nchi imevurugika na njaa imetanda. Watu walikuwa wamekimbia na mashamba yameachwa. Askari na wapagazi wengi wa msafara walikufa njiani kwa njaa na maradhi, na Bia mwenyewe akafa tarehe 30 Agosti 1892. Francqui akashika uongozi. Elimu aliyorudi nayo Cornet ilipatikana kwa gharama hiyo, na waliolipa zaidi ni wapagazi ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Katikati ya dhiki hiyo Cornet aliendelea kukusanya mawe. Alifika Kambove, Likasi na machimbo mengine, akakuta mashimo ya wachimbaji wa Kiafrika waliokuwa wakiyeyusha shaba miaka mingi kabla ya Mzungu yeyote kufika. Makaburi ya kale ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, yaliyochimbuliwa miaka ya 1950, yalikuwa na misalaba midogo ya shaba iliyotengenezwa karne nyingi kabla ya Cornet kuzaliwa. Kusema kwamba yeye ndiye aliyegundua shaba ya Katanga ni kuwanyima haki wachimbaji hao. Alichofanya ni kueleza shaba iko katika miamba gani, na miamba hiyo imekaaje.

Mmomonyoko wenyewe ulimsaidia. Miamba mingi yenye shaba huko Katanga ni migumu. Mvua za mamilioni ya miaka zimeila miamba laini iliyoizunguka na kuiacha yenyewe imesimama kama vilima. Juu yake miti haioti, kwa kuwa udongo una shaba nyingi mno. Huota nyasi na maua machache. Ukikiona kilima kiko uchi katikati ya msitu wa miombo, unajua pa kuchimba. Wenyeji walijua hivyo tangu zamani.

Baada ya kifo cha Bia, Francqui na Cornet walielekea magharibi hadi Lualaba ya juu, kwenye korongo la Nzilo. Hapo mto unaotiririka taratibu juu ya uwanda unageuka ghafla: unakata milima na kushuka zaidi ya mita 450 katika mwendo wa kilomita 70 hivi. Mkazi wa Kisangani anaweza kupima kwa macho yake. Maporomoko saba ya Boyoma, kati ya Ubundu na mji wake, hushuka mita 60 tu katika kilomita 100. Mteremko wa Nzilo ni mkali kama mara kumi.

Mteremko wa namna hiyo huyapa maji nguvu ya kusukuma mawe, na mawe nayo husaga sakafu ya mto kama msasa. Korongo huzidi kuchimbika. Hali hudumu hivyo hadi karibu na Bukama, ambapo ardhi inalala na mto unaanza kupitika kwa vyombo. Nguvu zikipungua, changarawe hutua kwanza, kisha mchanga. Tope laini huishia kwenye mafunjo na maziwa, yakiwemo Upemba na Kisale.

Kwa nini bonde hilo lipo pale? Cornet alisema halikuchimbwa na mto. Ni kipande cha ardhi kilichodidimia kati ya nyufa mbili kubwa, na mto ukaja kukijaza. Aliliita graben la Upemba. Miaka hiyo hiyo ya 1890, Mwingereza J. W. Gregory alikuwa amefikia hoja ya aina hiyo kuhusu Bonde la Ufa la Kenya.

Cornet ndiye pia aliyezipa jina la mto Lubilash tabaka za mawe ya mchanga zinazopatikana katika bonde la Kongo. Nazo ni mashapo: mabaki ya milima ya zamani zaidi, iliyokwisha kusagwa na kuenezwa na maji.

Aliporudi Ulaya alifundisha jiolojia katika chuo cha migodi cha Mons na kuandika vitabu vya wanafunzi. Union Minière iliundwa mwaka 1906, reli ikafika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na shaba ikaanza kusafirishwa. Madini ya buluu ya shaba yaliyopatikana mgodi wa Etoile, karibu na mji huo, yalipewa jina la kornetiti kwa heshima yake. Alifariki Mons tarehe 17 Mei 1929.

Nzilo aliyoiona haipo tena kama ilivyokuwa. Katika miaka ya 1950 lilijengwa bwawa la umeme kwenye kichwa cha korongo, na mchanga uliokuwa ukishuka kuelekea Upemba sasa hutua kwanza katika ziwa la bwawa hilo. Maji kutoka eneo la migodi ya Kolwezi nayo huingia Lualaba kupitia mito midogo kama Musonoi. Shaba na kobalti hupenda kushikamana na chembe laini za tope, na tope hilo hutua pale ambapo mto unapungua mwendo: katika maziwa na mafunjo ya graben la Cornet, ambako maelfu ya watu huvua samaki kila siku.