Al-Jahiz: Muuza Samaki wa Basra Aliyeandika Kitabu cha Wanyama



Ndugu zangu katika imani, mwaka wa pili nilipoona kwenye ratiba somo la aina za wanyama na mageuko, niliingiwa na wasiwasi. Rafiki mmoja alinishauri nibadilishe kozi kabla imani yangu haijaharibika. Mwingine akanitumia ujumbe unaodai kwamba Darwin aliiba nadharia yake yote kutoka kwa Mwislamu aitwaye al-Jahiz. Hakuna aliyeniridhisha. Nikaenda maktaba kumtafuta huyo al-Jahiz.

Jina lake ni Abu Uthman Amr bin Bahr. Alizaliwa Basra, Iraki, mnamo mwaka 776, katika familia ya kimaskini. Inapokewa kwamba babu yake alikuwa mtu mweusi, mchunga ngamia. Al-Jahiz ni lakabu tu, maana yake mwenye macho yaliyotokeza. Ujanani aliuza mkate na samaki kando ya mfereji, kisha akahudhuria darsa za mabingwa wa lugha kama al-Asmai na Abu Ubayda. Elimu ya hoja aliisoma kwa al-Nazzam, mwanachuoni wa Mu'tazila. Inasimuliwa kwamba alikuwa akikodi maduka ya wauza vitabu usiku ili akeshe humo akisoma. Sisi tunaohangaika na pesa za fotokopi, huyu ni mwenzetu.

Maandishi yake yalimpendeza Khalifa al-Ma'mun, naye akahamia Baghdad. Inasemekana alipewa kazi ya ukatibu serikalini akaiacha baada ya siku 3. Aliishi kwa kalamu. Kitabu chake kikubwa, Kitab al-Hayawan, yaani Kitabu cha Wanyama, kina juzuu 7. Alimtunukia waziri Ibn al-Zayyat, ambaye, kwa mapokezi, alimpa dinari 5,000.

Ndani yake mna aya, hadithi, mashairi ya Mabedui na maneno ya Aristotle yaliyotafsiriwa kwa Kiarabu. Lakini al-Jahiz hakumkubali Aristotle kwa ukubwa wa jina lake. Aliwahoji wawindaji na washika nyoka, akalinganisha habari, na nyingine akazikataa. Kwake, shaka inayomfikisha mtu kwenye yakini ni sehemu ya elimu. Alieleza jinsi panya anavyokula walio dhaifu kuliko yeye, huku naye akimwogopa nyoka. Alitaja pia nchi ya mawe meusi ya Banu Sulaym kule Arabuni, akisema mazingira yake huwageuza rangi watu na wanyama.

Je, huyu ndiye Darwin wa kwanza? Hapana. Kitabu cha Darwin cha mwaka 1859 kinaeleza jinsi tofauti ndogo zinazorithiwa zinavyochujwa kizazi baada ya kizazi, hadi aina mpya zikatokea. Al-Jahiz hakuandika hayo. Yeye alimtazama kila kiumbe, hata mbu, kama dalili ya hekima ya Muumba. Kumsingizia asilosema ni uongo, na uongo haugeuki kuwa halali kwa sababu tunausifia Uislamu.

Uzeeni alipooza upande mmoja wa mwili, akarudi Basra, akafariki Muharram mwaka 255 Hijria akiwa na zaidi ya miaka 90. Wapo wanaosimulia kwamba aliangukiwa na vitabu vyake.

Mimi sikubadilisha kozi. Wiki iliyopita maabara tulipasua nkejje wa Ziwa Victoria. Mmoja ana taya nene za kuvunjia konokono, mwingine ana meno madogo ya kukwangulia mwani. Nilichora nilichokiona, nikampa mhadhiri, nikawahi swala ya Alasiri. Swali la Nabii Adam (a.s.) bado ninalo, na nimelipeleka kwa shekhe wetu bila kuficha chochote kati ya nilivyofundishwa. Ndivyo nilivyojifunza kwa muuza samaki wa Basra: tazama kwanza, uliza wanaojua, wala usikimbie darasa.

Wabillahi tawfiq.