Gerald Gardner, afisa forodha wa Wicca

Anayetaka kuijua Wicca aanze na mzee huyu. Alizaliwa 1884 karibu na Liverpool, Uingereza, kwa wafanyabiashara wa mbao. Pumu ilimtesa tangu utotoni. Shule hakwenda, kusoma alijifundisha mwenyewe. (Sisi wenye kadi za maktaba tunyamaze tu.) Akaenda Ceylon kwenye mashamba ya chai, kisha Borneo na Malaya, akaishia kuwa afisa forodha. Alivyopenda majambia ya Wamalay, aliyaandikia kitabu kizima.

Alistaafu 1936. Baadaye alidai kwamba mwaka 1939 alipokelewa na kikundi cha siri huko New Forest, warithi wa dini ya kabla ya Ukristo. Hapo mimi namtilia shaka, na wanahistoria wengi pia. Ibada zake zilikuwa zimejaa maneno ya Aleister Crowley, mpaka Doreen Valiente, aliyeingia 1953, alipoyapunguza na kuandika mengine upya. Ukale gani huo? Sheria ya uchawi ya 1735 ilifutwa 1951, na 1954 akatoa kitabu chake, Witchcraft Today.

Ila neno letu “uchawi” litakupoteza. Kwetu mchawi ni mtu wa kuroga. Gardner alifundisha ibada ndani ya duara, mungu wa kike na wa kiume, sikukuu za majira, na kutomdhuru mtu. Upya wake, kwangu, si kosa. Kosa ni kuuficha.

Alifia melini Februari 1964 akitoka Lebanon, akazikwa Tunis.