C. B. Williams: Mtafiti aliyewahesabu nondo wasafirio

Viwavijeshi wanapovamia mahindi, mkulima wa Miritini au Rabai huona kana kwamba wameshuka kutoka mbinguni. Ukweli ni kwamba mama zao ni nondo warukao usiku, ambao hubebwa na upepo mamia ya kilomita kabla ya kutaga mayai. Miongoni mwa waliotufumbua macho kuhusu safari za wadudu ni marehemu Carrington Bonsor Williams.

Mwingereza huyo alizaliwa Liverpool mwaka wa 1889. Baada ya kufanya kazi Trinidad na Misri, mwaka wa 1927 aliwasili Tanganyika, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, milima ya Usambara. Huko alirekodi misafara ya vipepeo, na mwaka wa 1930 akachapisha kitabu kikubwa kuhusu uhamaji wao.

Aliporejea Uingereza aliongoza idara ya wadudu katika kituo cha Rothamsted. Kuanzia 1933 hadi 1936 mtego wake wa taa uliwashwa usiku baada ya usiku. Kila usiku uligawanywa katika vipindi vinane ili ijulikane ni saa ngapi nondo wameruka. Hesabu ya nondo wakubwa ilifika 15,609, wa aina 240.

Wataalamu wengi wa enzi hizo waliamini kuwa wadudu wahamao huenda tu bila kurudi. Williams alishikilia kwamba baadhi yao, au watoto wao, hurejea kusini Ulaya inapoanza kupata baridi. Ushahidi ulikuwa haba, kwani wengi wa warejeao hupita juu mno, jicho la mwanadamu lisiwafikie.

Alifariki mwaka wa 1981 mjadala ukiwa haujafungwa. Hatimaye, utafiti uliochapishwa miaka ya 2010 ulitumia rada na kuthibitisha kwamba kipepeo Vanessa cardui hurudi kusini kutoka Uingereza.

Afrika Mashariki nayo ilitandaza mitego ya taa katika miaka ya 1960. Rekodi zake zilionyesha kuwa viwavijeshi huanzia Tanzania na kusini-mashariki mwa Kenya, kisha vizazi vyao husonga kaskazini hadi Ethiopia. Kwa mkulima, taarifa hiyo huja na siku chache za kujihami, na hizo ndizo ziamuazo iwapo atavuna au atapanda upya.