Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui na Magazeti Yake Mawili

Katika maulamaa wa pwani ya Afrika ya Mashariki waliotumia kalamu kwa faida ya watu wa kawaida, Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali bin Abdallah Mazrui ni miongoni mwa wa mbele kabisa. Alikuwa kadhi, mwalimu, mfasiri na mwandishi wa tarikh. Lakini kazi aliyoianza yeye mwenyewe, na ambayo hakuikuta kwa mtu, ni ya magazeti. Gazeti la kwanza la Kiislamu kwa lugha ya Kiswahili lilitoka mkononi mwake, katika mji wa Mombasa, mwaka wa 1930. Magazeti yake yalikuwa madogo, wasomaji wake hawakuwa wengi, wala hayakuishi miaka mingi. Basi inafaa kujua ilikuwaje mpaka yakaacha athari kubwa namna ile.

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka wa 1891, katika ukoo wa Mazrui uliopata kuutawala mji huo katika zama za nyuma. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanazuoni mashuhuri ambaye kwa ajili ya msimamo wake wa dini alipata kutiwa gerezani katika utawala wa Sayyid Barghash wa Unguja. Alifariki mwaka wa 1894, na mwanawe hajatimiza miaka minne. Mtoto akalelewa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, ambaye naye alikuwa mtu wa elimu na ukadhi, na kwake ndiko alikopata masomo yake ya kwanza. Alipokua alivuka kwenda Unguja, akasoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumeit na kwa Sheikh Abdallah Bakathir, mabahari wawili wa elimu ambao wote walifariki mwaka wa 1925.

Mombasa aliyokulia haikuwa tena Mombasa ya wazee wake. Mwaka wa 1895 Waingereza waliiweka nchi chini ya himaya yao. Mwaka uliofuata reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa kuelekea bara, na mwaka wa 1901 ikafika Kisumu, kando ya ziwa. Bandari ikajaa wageni, biashara ikachukua sura nyingine, na serikali ikahitaji makarani wanaojua Kiingereza na herufi za Kirumi. Vijana waliosoma chuoni, wakahitimu Kurani na vitabu vya fikihi, walitazama kazi zikienda kwa wengine. Na waliopelekwa katika skuli mpya walihofiwa na wazazi wao wasije wakaipoteza dini. Baina ya khofu hizo mbili watu wengi walikaa kitako, hawakushika hili wala lile.

Katika hali hiyo Sheikh Al-Amin alikuwa akisoma yaliyotoka Misri. Huko Cairo, Sheikh Muhammad Abduh, aliyefariki mwaka wa 1905, na mwanafunzi wake Sayyid Rashid Rida, aliyeanzisha jarida la Al-Manar mwaka wa 1898, walikuwa wakiwahimiza Waislamu warejee katika asili ya dini yao, waache taklidi isiyo na dalili, na watafute elimu za dunia bila ya kuogopa. Sheikh Al-Amin aliyapima maneno hayo kwa hali ya watu wake, akaona kuwa dawa ile ile ilihitajiwa pwani. Akaona pia njia yenyewe ilivyopelekwa: kwa karatasi iliyopigwa chapa, inayomfikia mtu nyumbani kwake, akaisoma kwa wasaa wake.

Magazeti kwa ujumla hayakuwa jambo geni. Wamisionari walikuwa wakichapa magazeti ya Kiswahili tangu mwaka wa 1888, ulipotoka Msimulizi huko Unguja, na serikali ya Tanganyika ilianza kutoa Mambo Leo mwaka wa 1923. Waarabu wa Unguja nao walikuwa na Al-Najah tangu mwaka wa 1911, kisha Al-Falaq tangu mwaka wa 1929, yote mawili kwa Kiarabu. Kwa hiyo Mwislamu wa kawaida wa pwani alikuwa katika hali ya ajabu. Magazeti ya lugha yake yalikuwa ya Kanisa au ya serikali, na magazeti ya watu wa dini yake yalikuwa kwa lugha ambayo wengi waliisoma kwa matamshi tu, maana yake hawaipati.

Pengo hilo ndilo alilokusudia kuliziba. Mwaka wa 1930 alitoa Sahifa, na jina lake lenyewe lasema ukubwa wake, kwani sahifa ni karatasi. Lugha yake ilikuwa Kiswahili cha Mombasa, na hati yake ilikuwa ya Kiarabu, hati iliyotumiwa na Waswahili kwa barua na tenzi karne nyingi kabla ya kuja herufi za Kirumi. Uchaguzi huo ulikuwa na hekima. Mtu aliyepita chuoni, hata kama hajui Kiarabu wala hajaingia skuli, aliweza kuisoma Sahifa na kuifahamu neno kwa neno. Mwanazuoni wa daraja yake angeweza kuandika kwa Kiarabu fasaha na kusifiwa na wenziwe. Yeye alipendelea kufahamika na mwenye duka, baharia na mama aliye nyumbani.

Mambo aliyoyaandika yalikuwa ya kila siku. Aliwahimiza watu wawasomeshe watoto wao, wa kiume na wa kike, na akataka dini na lugha ya Kiarabu zisiachwe nje ya masomo ya skuli. Aliwaonya wanaokopa na kuuza mali ya urithi kwa ajili ya fahari za arusi na matanga. Alikemea uzushi na ada ambazo watu walizihesabu kuwa ni dini na dini haizijui. Alizungumza pia juu ya kuwaiga Wazungu, akapambanua baina ya mambo mawili: elimu yao, bidii yao na umoja wao alitaka vichukuliwe; lakini mwenye kuchukua ulevi na mavazi yao akaacha elimu yao, alimwona amepata hasara mara mbili.

Maneno kama hayo hayapokewi kwa furaha na kila mtu. Walikuwako walioona kuwa aibu za Waislamu hazifai kuanikwa katika karatasi, na walikuwako waliokasirika kwa ada zao kuguswa. Sheikh hakuikunja kalamu. Mwaka wa 1932 alianzisha gazeti la pili, Al-Islah, maana yake matengenezo, lililoandikwa kwa lugha mbili, Kiswahili na Kiarabu. Kwa njia hiyo alizungumza na watu wa kawaida na wenye elimu katika gazeti moja.

Mwaka huo huo wa 1932 alifanywa Kadhi wa Mombasa. Kazi ya ukadhi ina mzigo wake: ndoa, talaka, mirathi na magomvi ya wakfu hayamngojei mtu amalize makala yake. Al-Islah lilifika mwaka wa 1933, kisha likasita. Mwaka wa 1937 Sheikh Al-Amin akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, na cheo hicho alikuwa nacho mpaka kufa kwake. Hakuacha kuandika; alitunga vitabu vya kufundishia dini, akashika kazi ya kuifasiri Kurani kwa Kiswahili, na akaandika kwa Kiarabu tarikh ya ukoo wa Mazrui. Lakini magazeti hayakurudi tena.

Aliyeyatazama magazeti hayo mwaka wa 1933 angeweza kusema kuwa yamekufa. Hati yenyewe, iliyowafaa watu wa pwani, ilikuwa kizuizi kwa Waislamu wa bara waliosoma herufi za Kirumi. Kizuizi hicho kiliondoka mwaka wa 1944, makala ya Sahifa yaliyochaguliwa yalipotolewa kwa herufi za Kirumi katika kitabu kiitwacho Uwongozi. Hapo maneno yaliyoandikiwa mitaa ya Mombasa yakaweza kusomwa Tanganyika, Uganda, Kongo na kila inakosomwa lugha ya Kiswahili.

Sheikh Al-Amin alifariki Mombasa mwaka wa 1947, akiwa na umri wa miaka 56. Waliobaki nyuma yake ndio waliotimiza hesabu ya kazi yake. Mwanafunzi wake Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianzisha gazeti la Sauti ya Haki mwaka wa 1972. Mwanafunzi wake mwingine, Sheikh Abdulla Saleh Farsy, ambaye naye alishika cheo hicho, alitoa tafsiri kamili ya Kurani kwa Kiswahili mwaka wa 1969. Wote wawili walifariki mwaka wa 1982. Mwanawe, Ali Mazrui, aliyekuwa na umri wa miaka 14 tu alipofiwa na baba yake, alisomesha Makerere, Uganda, tangu mwaka wa 1963 hadi 1973, na jina lake likajulikana duniani kwa uandishi mpaka alipofariki mwaka wa 2014. Tarikh ya Mazrui ilichapwa mwaka wa 1995 pamoja na tarjuma ya Kiingereza, na Uwongozi nao ukatolewa hivyo hivyo huko Leiden, Uholanzi, mwaka wa 2017.

Karatasi ya Sahifa ilikuwa nyepesi, na aliyeitoa hakuwa na mali nyingi wala serikali ya kumtegemeza. Alikuwa na elimu, na alikubali kuitoa kwa lugha ya watu wake na kwa hati wanayoisoma. Kila jamaa ya Kiislamu yenye watu wachache wanaojua kusoma na kuandika ina mtaji kama huo, ikipenda kuutumia.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Al-Amin bin Ali, amlipe kwa kila herufi aliyoiandika, na ajaalie elimu yake iwe sadaka isiyokatika. Amin.